Tandiko Limekwenda Shumba

Baba,

Tandiko limekwenda Shumba. Nakwambia hili mwanzo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza mwanzo, kabla hujamuuliza mtu hali yake. Liliondoka sikukuu pili ya Idi, juu ya fuso, limezongwa ndani ya kanga yangu ya kisutu. Hujambo lakini? Astaghfirullah, mtu kumuuliza marehemu hujambo. Mkono umezoea tu.

Siku uliyozikwa mie nilibaki ndani na wanawake. Wanaume walikuchukua, nikasikia sauti zao zinakwenda, zinakwenda, mpaka zikapotea nyuma ya minazi, na maneno niliyokuwa nayo sikupata pa kuyaweka. Tokea hapo sijakaa. Watu waliokuja kuhani, hitima ya siku ya tatu, arubaini, kisha Ramadhani ikaingia na mie hata masufuria ya kuazima sijayarudisha yote kwa wenyewe. Leo nimeswali alasiri, nimetoka uani na daftari la skuli la Zuhura, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nimechoka, Baba. Si uchovu wa kulala ukaamka ukapona. Huu nnaamka nao.

Mama yumo edani, mzima, mkali vilevile. Anauliza kila kitu kutokea chumbani, mpaka chumvi ya mchuzi anaisikia kwa harufu. Amekonda kidogo.

Siku ya tano baada ya kukuzika, watoto walikuja na punda zao wakasimama nje ya ukuta. Hawakubisha hodi. Nikatoka, nikawakuta saba wamejipanga, kila mmoja kashika hatamu yake. Mdogo wao akaniuliza, "Bi Mwana, leo tunaruka?" Niliazimia kuwafukuza. Nilishafungua mdomo. Lakini mwanangu Zuhura alikwisha kupita nyuma yangu na fito begani, anakwenda zake kondeni, wala hakuniuliza mie nnaona vipi. Basi ndivyo nilivyorithi kazi yako. Mie niliyeacha kupanda punda tokea nilipoanza kuvaa baibui, nikajikuta nnasimama juani, nnapiga kelele, "Magoti! Bana magoti! Usimvute mdomo!" Na sauti inayotoka ni yako. Bi Riziki jirani alicheka mpaka akakaa chini. Akasema Mzee Tandiko kafufuka na mtandio.

Unakumbuka jina hilo walivyokubandika? Ulirudi kutoka Maskati mie nina miaka tisa. Miaka yote ile ulikuwa mtunzaji wa farasi kwenye zizi la tajiri, unawasugua, unawatandika, unawapeleka mpaka kwenye uwanja ambako watoto wa tajiri waliwapanda na kuwarusha viunzi, na wewe unasimama pembeni na ndoo. Tajiri alipokuaga akakupa tandiko la ngozi. Ukashuka nalo Mkoani bandarini begani, huna redio, huna feni, huna sanduku la nguo za Mama. Una tandiko. Watu wakasema mzee karudi na tandiko, farasi kamsahau. Ulicheka nao. Kesho yake ukanunua punda.

Tandiko lenyewe ulilitundika kwenye msumari mkubwa ukumbini na hukumruhusu mtu kushindana nalo, maana liko moja na watoto wengi, si haki. Sote ulituwekea gunia la kukalia na mkanda wa tumbo. Tandiko likawa la mshindi. Na Mzee Makame, uliyekuwa naye kwenye zizi lilelile, alipoanzisha punda wake kule Shumba, mkakubaliana: kila Idi ndogo watoto wa Shumba waje kwetu Wambaa, fito sita za kuruka na punda, mwenye makosa machache ndiye, na kijiji chake kinakaa na tandiko mwaka mzima. Na kama wamelingana, tandiko la mgeni. Sharti hilo sikulipenda hata siku moja. Nilikwambia halina maana. Ukanijibu, "Wao wametoka mbali. Sie tumetoka jikoni."

Na lile sharti jengine, la mkono. Ufito ukianguka kila mtu ameona, hapana maneno. Lakini ukiguswa bila kuanguka, anayejua ni aliyepanda. Basi anyooshe mkono mwenyewe. Hukutaka mwamuzi. Ulisema Maskati waamuzi walikuwa watano na watoto wa matajiri walikuwa wanajifunza kuwadanganya watano.

Mimi nilikudanganya wewe peke yako. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na moja. Niligusa ufito wa pili, nikashusha macho, nikaendelea. Nilipomaliza ulinishika begani ukaniambia, "Vizuri." Kisha, tunarudi nyumbani, ukasema kama unazungumza na njia, "Kama mie sijaona, punda kaona." Basi. Siku tatu nikimpelekea maji yule punda simtazami usoni. Siku ya nne nikaja kukwambia, nalia mpaka kamasi. Ulikuwa unachonga mpini wa jembe, hukusimamisha kazi. Ukasema, "Haya, sasa nenda kamsugue, mmeshapatana."

Nnakutajia hayo kwa sababu nimo njiani nakuja kwenye jambo, na miguu inakataa.

Sikukuu pili walikuja. Fuso moja, punda wanne nyuma, watoto wamekaa juu ya majani, wamekauka sauti kwa kuimba. Mzee Makame alishushwa kwa kushikwa mikono miwili. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, akamsalimia Mama kwa nje ya dirisha, kisha akasimama ukumbini akalitazama tandiko kwenye msumari wake. Hakuligusa. Alisema tu, "Bado linang'aa." Mie ndiye nnayelitia mafuta, Baba. Kila Ijumaa, kama wewe. Ile sehemu ya mbele, ulipokuwa ukipenda kuweka kiganja, ngozi imebonyea kidogo. Mkono wangu haulingani na ule mbonyeo, ni mdogo. Lakini nilikuwa nauweka. Tokea Rajabu mpaka Idi, kila nikipita ukumbini nnauweka. Hilo hakuna anayelijua, hata Mama.

Basi uelewe nilivyokuwa. Sikutaka liondoke. Mwaka mwengine wowote, sawa, lingekwenda. Mwaka ule walipotushinda ulilibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, unapiga mluzi, na niliponuna ukaniambia, "Limekwenda kutembea, litarudi." Lakini wakati ule wewe ulikuwa umebaki. Mwaka huu kilichobaki ni tandiko.

Watu walijaa kondeni. Nguo mpya, watoto na mabaluni, kila mtu na juisi yake ya ukwaju. Kila ufito uliwekewa mtu wa kuurudisha ukianguka, na ufito wa sita, pale ulipokuwa ukisimama wewe, wakaniweka mimi. Nilisimama na kofia yako mkononi kwa sababu sikujua pengine pa kuiweka.

Wengine wote waliangusha. Mmoja wetu alianguka mwenyewe, akaamka anacheka na mdomo umejaa mchanga. Mwisho wakabaki wawili wa kuamua: Hamad wa Shumba, kijana wa miaka kumi na nne, mrefu, na Zuhura wetu juu ya Lulu.

Hamad alitangulia. Anapanda vizuri, nisimdhulumu. Anakaa mwepesi na mikono haina papara. Kwenye ufito wa tatu punda wake aliparuza kidogo tu, ufito ukatikisika ukatulia. Aliyewekwa pale alikuwa na simu sikioni, anaitikia salamu za Idi. Hakuna aliyeona. Hamad akanyoosha mkono. Watu wake wenyewe wakapiga kelele, "Mwehu wee! Nani kakuuliza?" Yeye hakugeuka, kaenda zake ufito wa nne mkono bado uko juu. Mzee Makame alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akatikisa kichwa taratibu, kwa kuridhika.

Kosa moja. Kwa hiyo Zuhura akitoka safi, tandiko letu. Akikosa moja, wamelingana, na wakilingana unajua mwenyewe.

Baba, yule mtoto alipanda. Wallahi ungelia. Lulu, ambaye ulisema mkaidi kuliko karani, aliruka kwa masikio mbele kama anasikilizishwa kitu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanawake walianza vigelegele tokea wa nne. Wa tano akapita mbali kabisa. Akanijia mimi. Nikaiona ile kwato ya nyuma, ya kushoto. Ilichelewa kukunjwa. Ikaukwaruza ufito, sauti ndogo, kama mtu anayekwangua ukoko chunguni, na ufito haukuanguka.

Niliona. Nilisikia. Nilikuwa hatua mbili.

Nikayapeleka macho kwenye kofia yako, nikajifanya nnaipangusa vumbi. Kichwani mwangu mlikuwa na ule msumari tu, na tandiko lipo juu yake. Nikajisemea, ni kugusa kidogo. Nikajisemea, hata yeye pengine hakuhisi.

Zuhura alimpitisha Lulu hatua chache, akamsimamisha. Akageuka akanitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

Vigelegele vilikatika. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeendelea kwa kuwa hakuwa anatazama. Mzee Makame aliinuka kwenye kiti chake, akaja mpaka niliposimama, na umri ule, kwenye ule mchanga, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bi Mwana, wewe ulikuwa hapa. Imegusa?"

Nikamjibu, "Mie sikuona. Lakini mtoto kashasema."

Akasema, "Basi neno lake latosha." Na akanishukuru, Baba. Alinishukuru.

Waliobaki wote walijua la kufanya isipokuwa mimi. Hamad hakushangilia. Alishuka, akalegeza mkanda, akampa punda wake maji, kisha akaenda akampa na Lulu kwa ndoo ileile, maana Zuhura alikuwa amesimama tu. Punda mwanzo, mtu baadaye, ulivyotufunza. Tandiko lilipoletwa, desturi ni mshindi azunguke nalo konde mara moja watu wamwone. Hamad akalichukua, akaenda nalo mpaka kwa Lulu, akamtandika. Akamwambia Zuhura, "Panda weye. La babu yako." Zuhura akasema hapana, la Shumba. Wakabishana pale mbele ya watu, huyu panda, huyu sipandi, mpaka watu wakaanza kucheka na Mzee Makame akafuta macho kwa kofia. Mwisho wakagawana. Zuhura nusu konde, Hamad nusu konde. Na pale katikati, alipompisha, yule mtoto wetu akainama akamrefushia vikuku vya kutilia miguu, kwa kuwa miguu ya Hamad ni mirefu, akahakikisha viko sawasawa pande zote mbili. Aliyeshindwa anamwekea sawa aliyeshinda. Ungeona ungesahau kwamba umekufa.

Mie nilikuwa na hasira. Nakwambia kweli. Sikuwa na furaha hata tone. Hamad alikuja kwangu kabla hawajaondoka, akanishika mkono, akaniuliza, "Bi, Mzee alikuwa akilitia mafuta gani?" Nikamjibu kama nnamgombeza. Mafuta ya nazi, ya kupika nyumbani, si ya dukani. Kitambaa cha pamba. Kila Ijumaa. Akayaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, pole pole, na mie nnakitazama kile kiganja nnajua ndicho kitakachokaa juu ya mbonyeo wako. Nikavua kanga begani nikawapa walizongee. Watu wakasema, Bi Mwana ana moyo, mfanowe hapana. Nikaipokea sifa.

Tulirudi nyumbani sikusema naye. Mtoto wa miaka kumi na tatu, kafanya jambo ambalo babu yake angelichinjia kuku, na mamake hamsemeshi. Alimpeleka Lulu bandani, akamsugua, akaingia kumsalimia bibi yake. Mama akasema kutokea kitandani, "Alhamdulillahi, harufu ya punda imepungua humu." Miaka yote hiyo alikuwa akigombana na tandiko lako, unajua. Kisha akageukia ukutani, na mabega yake hayakukaa sawa mpaka magharibi.

Jioni hiyo Zuhura alinifuata jikoni. Akaniuliza, "Mama, kweli hukuona?"

Nikasema, "Sikuona. Jua lilinipiga machoni."

Jua lilikuwa mgongoni kwangu, Baba.

Hayo yamepita wiki mbili. Msumari uko pale, mtupu, na nikipita ukumbini bado mkono unajinyanyua wenyewe. Mihogo imekubali mwaka huu. Paa la banda limevuja upande wa kibla, nimelichomekea makuti mawili. Watoto sasa ni tisa, wawili wasichana, na baba wa mmoja alikuja kunisema kuhusu suruali, nikamwambia akazungumze na Mama dirishani. Alirudi amenywea, masikini. Nilicheka siku hiyo. Kidogo.

Jana ndiyo iliyonikalisha chini. Nilikuwa pembeni ya konde nafunga kamba, hawakujua kama nawasikia. Zuhura alikuwa anawafundisha wadogo. Anawaambia, ukigusa, mkono juu, hata kama hakuna aliyeona. Yule mdogo kabisa, mwenye mdomo, akasema, "Mbona Bi Mwana alikuwa hapohapo na hakuona?"

Zuhura akasema, "Jua lilimpiga machoni." Akasema akitazama chini. Akaichukua hatamu ya Lulu akaanza kuifungua fundo ambalo halikuwapo.

Anajua, Baba. Alijua tokea pale aliponigeukia. Mtoto aliyenyoosha mkono mbele ya kijiji kizima kwa kwato ya punda, jana amesema uongo, na ameusema kwa ajili yangu. Mie ndiye niliyempa. Nilimpa kama mtu anavyompa mtoto mzigo wa kuni, shika, tangulia nao. Na yeye ameubeba bila kunung'unika kwa sababu ni mwanangu na ananihurumia. Sikuwahi kujisikia mchovu kama nilivyojisikia pale na ile kamba mkononi.

Nilidhani nikilibakisha tandiko nitakubakisha wewe. Kumbe wewe hukuwa ukumbini. Ulikuwa kule kondeni umenyoosha mkono, na mie nimeipangusa kofia.

Basi nimekuna nazi tano asubuhi, nimekamua tui, nimelipika mpaka mafuta yamejitenga. Chupa iko juu ya meza. Ijumaa nitapanda gari mpaka Shumba, nimpe Hamad, na nikimaliza nitakwenda kwa Mzee Makame nimwambie alichoniuliza na nilichomjibu. Atanitazama vipi sijui. Kesho nitawakalisha wale tisa kwenye mchanga nitawaambia na wao, hata yule mwenye mdomo. Yeye hasa. Na Idi ijayo, kama Mungu katujaalia uhai, nitasimama tena kwenye ufito wa sita, na kofia yako nitaivaa kichwani, mikono yangu iwe mitupu. Hilo nakuahidi. Tandiko likae Shumba litakavyokaa. Limekwenda kutembea.

Lakini wa kwanza si wao. Nasikia kwato kwenye kichochoro. Zuhura amerudi. Sasa anamlegezea Lulu mkanda, nasikia pete ya chuma, sasa anateka maji. Punda mwanzo. Akimaliza atapita hapa uani kuja kutawadha, na atanikuta.

Mungu akuweke pema, Baba, akupanulie. Nisamehe kwa kuchelewa. Wakati ule nilichelewa siku tatu, safari hii wiki mbili, na sasa mie mtu mzima.

Iligusa. Nilikuwa hatua mbili, na jua liko nyuma yangu, na niliona.

Naweka kalamu, mkono mmoja nauhitaji.

Mwanao,
Mwanakombo